Gari la spoti: kujua kama mtengenezaji ameliita kurekebishwa kasoro, na kulalamika ipasavyo

Chukua namba ya chasisi, tarakimu na herufi 17, chini ya kioo cha mbele au kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Haina I, O wala Q. Iingize kwenye tovuti ya mtengenezaji. Kwa gari la soko la Marekani, tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo. (Magari ya soko la Japani yana namba fupi zaidi.)

Wito wa mfuko wa hewa wa Takata (kampuni ya Japani iliyotengeneza mifuko ya magari mengi) usiupuuze: joto na unyevu huharibu baruti yake, kasha la chuma linaweza kupasuka na kurusha vipande usoni.

Ukilalamika, "gari linazima" haitoshi. Andika kilomita, mwendo, injini baridi au moto, na msimbo wa hitilafu (unaosomwa kwenye kompyuta ya gari) kabla fundi hajaufuta.