Kunde za kusimama shambani: somo kwa tulio Dar

Kila masika naulizwa yaleyale: kunde zimejaa majani bila maganda, au zimeozea shambani. Naandika mara moja hapa. Shamba langu liko Chanika, udongo wa kichanga.

1. Lima, sawazisha, epuka panapotuama maji.

2. Tafuta mbegu ya kusimama, si ya kutambaa. Zipo mbegu bora za kituo cha utafiti cha Ilonga, Morogoro, kama Vuli-1 na Tumaini. Ukinunua uliza inakuaje na inakomaa kwa siku ngapi.

3. Muda. Hapa ndipo nilipoumia. Msimu wangu wa kwanza nilipanda mvua za kwanza za Machi zilipogusa ardhi. Zikastawi, majirani wakazisifia. Mei maganda yakakauka huku mvua ikishika siku baada ya siku. Nilipopasua ganda, punje zilikuwa zimevimba, kila moja imetoa mkia mweupe. Zilikuwa zinaota humohumo ndani! Nusu ya shamba iliishia hivyo. Kwa hiyo hesabu kinyumenyume: kama mbegu yako inachukua siku 70 hadi 80, panda katikati ya Aprili, uvune mwishoni mwa Juni jua likiwaka. Usipande kwa sababu jirani kapanda. Na usichelewe hadi Mei mwishoni, maana maua yatakosa unyevu.

4. Mstari hadi mstari sm 50, shimo hadi shimo sm 20, mbegu mbili, kina sm 3 hadi 5.

5. Samadi iliyooza vizuri inatosha. Urea usiweke, utavuna majani.

6. Palilia wiki ya pili au ya tatu, kisha kabla ya maua.

7. Vitumba vikianza, kagua kila baada ya siku mbili. Funza hujificha ndani ya ua. Dawa piga jioni, kwa sababu maua hufunguka asubuhi na nyuki wanakuwa kazini.

MASWALI

Kijana wa Mbagala: Mkuu, niweke urea kiasi gani?
Jibu: Soma namba 5.

Kijana wa Mbagala: Lakini jamaa yangu anaweka na anapata.
Jibu: Anapata nini, majani au punje? Muulize magunia.

Mama Kigamboni: Kaka, badala ya kunde naweza kupanda maharage?
Jibu: Dada, joto likizidi nyuzi 30 maharage hudondosha maua. Ndiyo maana yanapendeza kwenye milima yenye baridi kama Lushoto na Mgeta. Huku kwetu kunde ndiyo yenye uvumilivu.

Mpenda Udongo: Nimeng'oa mche nikakuta vinundu kwenye mizizi. Ni ugonjwa?
Jibu: Swali zuri sana, ndugu yangu. Jaribu kukibandua kwa ukucha. Kikitoka kirahisi, ni nyumba ya bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Kikate: ndani pakiwa na rangi ya waridi, wanafanya kazi. Lakini kama uvimbe ni mzizi wenyewe na haubanduki, hao ni minyoo fundo, minyoo wadogo wanaoshambulia mizizi. Msimu ujao usirudie kunde hapo.

Mama Kigamboni: Na majani ya mboga nichume?
Jibu: Chuma machache, machanga, kabla ya maua. Ukiyapika kwa tui la nazi utanishukuru.

Mpenda Udongo: Wadudu wanaotoboa punje je, ghalani?
Jibu: Anika mpaka punje ukiing'ata ikatike kwa mlio, kisha funga kwenye mfuko usiopitisha hewa. Usiufungue kuchota kidogokidogo. Za kula weka kando siku hiyohiyo.