Uzamili wa baiolojia Unguja na Pemba: panga utafiti wako kwa bamvua

Binamu yangu wa Wete ameanza uzamili wa baiolojia, anataka kuhesabu majongoo bahari kwenye maji yanayopwa. Juzi tulikaa barazani tangu alasiri mpaka isha tukipanga kazi kwa bamvua, yaani zile siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida. Karibu kila nililomwambia nilijifunza kwa miguu yangu mwenyewe, basi nayaandika na kwa wengine.

Hatua ya 1: Chuo
Hapa kwetu tazama SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar), na Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoko Buyu. Vyeti unavijua, fomu utajaza.

Hatua ya 2: Msimamizi kwanza, mada baadaye
Mtafute anayejibu ujumbe. Profesa mwenye jina kubwa anayesafiri kila mwezi atakuachia sura ya pili ya tasnifu yako mezani mpaka Ramadhani ipite. Waulize wanafunzi wake wa zamani, wasikwambie alivyo hodari, wakwambie alichukua siku ngapi kurudisha kazi zao.

Hatua ya 3: Kibali
Kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) ni cha Bara. Zanzibar ina utaratibu wake, uombe mapema, tena kabla hujakodi chombo. Ukifika kijijini nenda kwa sheha, kiongozi wa mtaa, na barua mkononi, kisha kwa kamati ya wavuvi. Vijiji vingine hufunga sehemu ya mwamba kwa miezi ili pweza wakue. Ukiingia humo na fremu yako ya kuhesabia bila kuuliza, hakuna kibali kitakachokutetea.

Hatua ya 4: Maji
Hapa ndipo nilipopoteza wiki mbili nzima.

Nilichukua jedwali la maji kwenye intaneti, likasema maji yatapwa 07:40. Nikafika Chwaka saa moja na nusu asubuhi, maji ya kiuno. Nikangoja saa nzima, nikasema jedwali ni la uongo, nikapanda daladala nikarudi mjini. Kumbe saa zile zilikuwa za UTC, saa za kimataifa. Sisi tuko mbele kwa saa 3, kwa hiyo maji yalipwa saa nne na dakika arobaini, nami niko Darajani nanywa chai. Bi mkubwa mmoja anayelima mwani aliniambia baadaye: "Mwanangu, ungeniuliza mimi, wala sihitaji simu." Na bamvua ikishapita, unangoja nyingine karibu wiki mbili.

Kwa hiyo, kabla ya chochote, tazama jedwali lako limeandikwa kwa saa za wapi. Kisha lilinganishe na mwezi. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na maji hupwa sana siku moja au mbili baada ya hapo. Kalenda ya Kiislamu ukutani kwa mama inakutosha kupangia mwaka mzima: zungushia duara takriban tarehe 1 hadi 4 na 15 hadi 18 za kila mwezi. Siku za bamvua kwetu maji ya mchana hupwa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, jua likiwa zuri la kuonea chini. Kila siku yanachelewa, kwa wastani dakika 50, basi usimwambie mwenye ngalawa "kesho saa ile ile". Maji mafu, yaani siku za katikati ya bamvua mbili, yaache kabisa. Hayapwi vya kutosha, na mwamba wa nje hutauona.

Sasa piga hesabu. Una kama saa mbili na nusu za kazi, yaani dakika 150. Kamba ya mita 100 yenye fremu kila mita 10 ni fremu 11. Nikikaa dakika 5 kwa kila fremu, kamba moja ni dakika 55. Kamba tatu ni dakika 165, tayari umepitiliza na hujatembea hata hatua. Fanya mbili. Andiko langu la kuombea utafiti lilisema tatu kwa siku, na waliolipitisha wote walikuwa wamekaa kwenye kiyoyozi.

Kamba ya kwanza anzia pwani, fuata maji yanavyotoka, ufike ukingo wa nje yakiwa yamepwa kabisa. Ya pili anzia huko nje, urudi nayo maji yakikufuata nyuma. Ukifanya kinyume utamaliza kazi ukiogelea. Na weka mtu mmoja asihesabu kitu, kazi yake ni kutazama maji tu.

Fremu itengeneze kwa bomba la plastiki, sentimita 50 kwa 50, utoboe matundu maji yaingie, la sivyo itaelea. Andika kwa penseli kwenye kipande cha plastiki kilichokwaruzwa kwa msasa. Najua wako wanaopenda programu za simu. Simu ya mwenzangu iko chini ya bahari, na data zake ziko nayo.

Pia usipange kazi yote wakati wa kusi, Juni hadi Septemba, hasa upande wa mashariki kama Paje na Jambiani. Upepo ukichafua maji, jongoo aliyejifukia mchangani hutamwona, utaandika sifuri na sifuri hiyo ni ya uongo.

Hatua ya 5: Data
Ingiza usiku ule ule, kabla hujalala. Fremu isiyo na kitu andika 0, usiache wazi. Baada ya miezi mitatu hutakumbuka kama hakikuwepo kitu au hukufika. Uchambuzi tumia R, programu ya takwimu. Ni ya bure, na kila ulichofanya kinabaki kimeandikwa. SPSS, programu nyingine ya takwimu ya kulipia, ya kuazima kwa rafiki siitaki hata kuisikia.

Hatua ya 6: Tasnifu
Anza na sura ya mbinu wakati miguu bado ina chumvi. Binamu yangu anaanza bamvua ijayo, na nimeshamwambia kamba mbili.