Kutenganisha polisakaridi za chai iliyochachushwa

Polisakaridi ni minyororo mirefu ya sukari. Kuzipata, mimi huanza na gramu 50 za chai ya Pu-erh ya Yunnan, China, ile nyeusi iliyochachushwa. Isage, iloweke kwenye ethanoli ili rangi na kafeini vipungue, ikaushe kabisa, kisha iweke kwenye lita 1 ya maji ya nyuzi 90 kwa saa 2. Chuja, punguza maji hadi yabaki mililita 200 hivi.

Sasa subira. Ongeza ethanoli ya asilimia 95, mara nne ya ujazo huo, kidogo kidogo huku ukikoroga, mbali na moto. Utaona kitu cha kahawia kama ute kikijikusanya, ndizo polisakaridi hizo. Ziache kwenye friji usiku kucha. Siku niliyoharakisha, nilizimwaga karibu zote sinkini.

Zikaushe. Ndani yake mna sukari za galaktosi na arabinosi, asidi ya sukari iitwayo galakturoniki, na protini kidogo imeng'ang'ania. Kwenye mirija ya maabara huzuia alfa-glukosidasi, kimeng'enya kinachosaidia kuvunja wanga kuwa glukosi. Lakini ushahidi mwingi ni wa mirija na panya, kwa hiyo mwenye kisukari asiache dawa zake. Na unga wenyewe, tafadhali, usiuonje.