Distro yako ya kwanza ya Linux: ichague kwa kuangalia laptopu uliyo nayo

Laptopu nyingi za ex-UK zinazouzwa Kisumu na Nakuru zilitoka maofisini zikiwa na Windows 10, ambayo msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Zenye prosesa ya Intel iliyotangulia kizazi cha 8 hukataliwa na Windows 11. Linux, mfumo endeshi mbadala wa Windows, inazifaa. Matoleo yake huitwa distro.

1. Pima RAM. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, kisha Performance, halafu Memory. Ukiwa na GB 8, chukua Linux Mint Cinnamon. Menyu yake iko chini kushoto, hutapotea. Ukiwa na GB 4, chukua Mint Xfce, toleo lake jepesi. Chini ya hapo, ongeza RAM kwanza. Distro iitwayo Kali waachie wakaguzi wa usalama wa kompyuta.

2. Pakua ISO, yaani faili moja yenye Mint nzima, karibu GB 3, kwa hiyo hakikisha bando inatosha. Kabla ya kuigusa, fungua Command Prompt katika folda ya Downloads uandike:

certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256

Linganisha jibu na namba iliyo kwenye tovuti ya Mint. Herufi moja ikitofautiana, faili imeharibika, pakua upya.

3. Nakili kazi zako kwenye diski ya nje, zima Fast Startup (Windows kujizima nusu ili iwake haraka), na kama BitLocker, ufungaji wa diski kwa siri, imewashwa, hifadhi ufunguo wake nje ya mashine hiyo. Kisha andika ISO kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus. Kila kilichomo kwenye flashi kitafutika.

4. Washa mashine kutoka kwenye flashi kwa kubonyeza kitufe inapowaka: F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, F9 kwa HP. Mint itafunguka ikiendeshwa kutoka kwenye flashi. Usibonyeze Install bado. Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo, kwa hiyo usiwe na haraka: jaribu Wi-Fi, sauti, mwangaza wa skrini, kamera na printa. Wi-Fi isipoonekana, mara nyingi chipu ni ya Broadcom. Unganisha simu kwa kebo, washa USB tethering, kisha fungua Driver Manager uchague draiva inayopendekezwa.

5. Ukiridhika, sakinisha kando ya Windows. Chaji betri ijae na uache chaja imechomekwa, maana umeme ukipotea wakati Windows inapunguziwa nafasi na betri ni mbovu, data inaweza kuharibika. Kisakinishi kisipoiona diski, huenda BIOS (mipangilio ya mashine kabla ya mfumo kuwaka) imeiweka diski kwenye hali ya RAID au Intel RST. Lakini ukibadilisha kuwa AHCI, hali ya kawaida ya diski, bila maandalizi, Windows itagoma kuwaka.

Na kama kazi yako inategemea Excel yenye makro (amri zinazojiendesha zenyewe), usiifute Windows: LibreOffice, programu ya ofisi ya Linux, hufungua .xlsx, ila makro nyingi za VBA, lugha ya makro za Excel, hukwama.