Kuweka Dau Baada ya Kupandisha Tena Kabla ya Flopu

Katika Texas Hold'em, aina ya mchezo wa poka, ukipandisha tena hadi 8 juu ya dau la 2.5, mpinzani akafuata na wenye madau ya lazima, 0.5 na 1, wakajitoa, chungu, yaani jumla ya madau yote, huwa na 17.5, na kila aliyeanza na 100 hubakiwa na 92.

Flopu, yaani karata tatu za kwanza za pamoja mezani, ikileta ree ya shupaza, saba ya kopa na mbili ya uru, weka 6 tu, kwani ree humfaa zaidi aliyepandisha mwisho.

Mpinzani akifuata, karata ya nne ndiyo yenye uzito. Ukishika ree na mfalme, weka 20. Akifuata, chungu hufika 69.5 nawe hubakiwa na 66, kiasi kinachoweza kuingia chote karata ya tano ikifunguliwa. Ukishika jozi ya wafalme, pita bila dau, kwa sababu dau kubwa huwafukuza wenye karata dhaifu na kubakiza wenye ree. Kuendelea kuweka dau kwa mazoea hapa, naamini, ndiko kunakomaliza fedha za wengi.