Wafugaji wa samaki wa kando ya Sabaki, acheni kumwaga bwawa mtoni

Kuanzia Langobaya hadi Jilore kosa ni lile lile: mtu anavua tilapia wake, anabaki na vidogo visivyouzika, basi anafungua bomba maji na samaki vyote vinaingia Sabaki. Wengine wanateka vifaranga mtoni na kuvichanganya na walionunuliwa. Jamani!

Angalieni mito inavyokwenda. Nzoia na Yala zinaingia Ziwa Victoria, na maji yake yanaishia Nile. Athi inashuka huku, inakuwa Galana, ikifika kwetu ni Sabaki mpaka baharini karibu na Mambrui, nayo Tana inatokea Kipini. Maji ya Nile na haya ya kwetu hayakutani popote, ndiyo maana mkunga wa mtoni, anayezaliwa baharini kisha akapanda mto, yuko Sabaki na Tana lakini Victoria hayuko. Tilapia vilevile, wa asili wa huku ni Oreochromis spilurus, na hao wa kununua wengi ni wa Nile. Wakikutana wanazaana, chotara wanajaa, na mbegu safi inapotea. Huko Victoria tilapia wa Nile aliletwa miaka ya 1950, na ngege, tilapia wa asili wa huko, leo karibu haonekani, ingawa mbuta, yule samaki mkubwa anayekula wenzake, naye alichangia. Na huyu spilurus anavumilia chumvi hata ya bahari, kwa hivyo wenye visima vya chumvi ndio watakaomlilia kwanza.

Sasa vipimo, na tafadhali pimeni kwa futi kamba, sio kwa macho. Tuta lizidi maji sentimita 50, nikikuta 20 nakwambia urudie. Mdomo wa bomba ufungwe wavu wa macho yasiyozidi milimita 2, tena mbili, maana moja hupasuka. Kazi hii iishe Machi, na tena Septemba, kwa sababu Sabaki hufurika kwa mvua ya bara hata kama Malindi ni jua kali. Maji ya bwawa yapelekeni kwenye migomba, vidogo wapeni bata au kambare, kisha kausheni bwawa wiki 2, vile vidimbwi vya kwenye matope msiviache vina samaki. Vifaranga nunueni madume watupu, 3 kwa kila mita ya mraba, bwawa la mita 300 ni 900 basi, sio 2,000.

Wakitoka saizi moja baada ya miezi 6 hadi 8, umepatia. Na kama tuta lako liko chini ya kiwango na Aprili imeshaingia, usipande vifaranga msimu huu, subiri maji yapungue.