Ukurasa wa kuchora kwa msimbo, na asiyeona apate lake

Jumamosi asubuhi huwa nafundisha vijana kompyuta ukumbini kwetu, hapa Langoni, Lamu. Laptopu ni moja, yangu. Wao huja na simu, nyingi za kioo kilichopasuka. Siku moja akaja kijana asiyeona, ameletwa na dada yake. Tulikuwa tukichora maduara kwa p5.js, ile maktaba ya JavaScript (lugha ya kuandikia programu za kurasa za wavuti) iliyoanzishwa na Lauren Lee McCarthy mwaka 2013, mjukuu wa Processing, chombo cha kuchora kwa msimbo, ya Casey Reas na Ben Fry ya mwaka 2001. Wenziwe wanashangilia rangi, yeye kainamisha kichwa juu ya simu. Akaniuliza, "Basi mimi tasikia nini?"

Sikuwa na jibu. Kanvasi, lile eneo la kuchorea, ni nukta za rangi tu. Kisoma-skrini, programu inayomsomea asiyeona yaliyo kwenye kioo, kikifika hapo hakikuti duara wala mstari. Wiki ile nikaanza kujenga ukurasa wetu wenyewe. Ukijua HTML na JavaScript ya kubahatisha kama yangu, utauweza.

Mwili wake ni mdogo: sanduku la kuandikia msimbo, kitufe cha Endesha, mahali pa maneno, na fremu (iframe) ya mchoro. Kwa mpangilio huo huo, kwa sababu anayepapasa simu kwa TalkBack, kisoma-skrini cha Android, husogea kitu kimoja baada ya kingine, na akishabonyeza Endesha anataka maneno ndiyo yafuate. Sehemu ya maneno iwe na role="status", ili kinachobadilika humo kisomwe chenyewe. Juu kabisa, kwenye html, weka lang="sw". Usipoiweka, sauti ya Kiingereza itakusomea "mviringo" hata wewe mwenyewe usiutambue. Kwenye kompyuta ya Windows, kisoma-skrini cha NVDA ni cha bure na huja na sauti ya eSpeak NG, ambayo Kiswahili inakijua, ingawa kwa lafudhi ya roboti aliyekosa usingizi.

Kwa sanduku la msimbo, mwanzoni nilitia kihariri cha kifahari chenye rangi na namba za mistari. Kikawa kinameza kitufe cha Tab: ukiingia kwa kibodi hutoki. Nikakitupa, nikarudi kwa textarea ya kawaida, na sijajuta. Ila iandikie spellcheck="false" na autocapitalize="off". Kibodi za simu hupenda kuanza na herufi kubwa, na kwa JavaScript Circle si circle. Tulipoteza nusu ya somo moja kwa ajili ya hiyo C.

Mtu akibonyeza Endesha, kwanza hifadhi alichoandika kwenye localStorage, ghala ya kivinjari, ndipo ukiendeshe. Kwanza, nasema. Mtoto akiandika kitanzi (amri zinazojirudia) kisicho na mwisho ukurasa utaganda, na kama hukuhifadhi, kazi yake imekwenda. Kisha unganisha p5 na msimbo wake, utie vyote kwenye srcdoc (sifa inayobeba HTML ya fremu) ya fremu yenye sandbox="allow-scripts", bila ruhusa nyingine. Hapo msimbo wa mtoto utacheza ndani ya ua wake, hautagusa ukurasa.

Makosa yatoke kwenye fremu kwa postMessage, njia ya fremu kutuma ujumbe kwa ukurasa, yaje kwenye maneno. Hapa pana mtego: namba ya mstari huhesabiwa tangu juu ya srcdoc, pamoja na mistari uliyoitanguliza wewe. Mtoto kaandika mistari 9 anaambiwa kosa liko mstari wa 31. Toa tofauti. Na uyafasiri yale makosa machache yanayojirudia. "Is not defined" kwetu husomeka "Jina hili silijui: Circle".

Sasa mchoro wenyewe useme. p5 ina describe, unaandika sentensi na kisoma-skrini kinaisoma. Mama yangu hushona kofia za viua, zile zenye nakshi ndogo, kwa hiyo zoezi letu la kwanza ni hili:

function setup() {
  createCanvas(400, 400);
  background(255);
  for (let i = 0; i < 12; i++) {
    let x = 200 + 120 * cos(TWO_PI * i / 12);
    let y = 200 + 120 * sin(TWO_PI * i / 12);
    circle(x, y, 20);
  }
  describe("Viua 12 vimezunguka kama ukingo wa kofia.");
}

Ni nzuri, lakini describe husema alichokusudia mchoraji. Ukikosea ukachora viua 11, bado itasoma 12. Ipo textOutput inayotaja maumbo yaliyochorwa kweli, ila hutaja kwa Kiingereza. Ikabidi tujitengenezee yetu, nayo si kazi kubwa. Baada ya kupakia p5, na kabla mchoro haujaanza, ivalishe kila kazi (function) ya kuchora kanzu, yaani uifunike kwa yako inayoliandika umbo kwenye orodha kwanza, ndipo iite ya asili:

const circleAsili = p5.prototype.circle;
p5.prototype.circle = function (x, y, d) {
  orodha.push("duara " + mahali(x, y));
  return circleAsili.call(this, x, y, d);
};

Hiyo mahali ni kazi unayoiandika wewe, inaigawa kanvasi vyumba 9, kutoka "juu kushoto" hadi "chini kulia". Kumbuka y, yaani kipimo cha juu hadi chini, huongezeka ukishuka. Watoto wote hudhani inapanda. Fanya vivyo hivyo kwa rect na line, na kwa fill ukumbuke rangi ya mwisho. Maumbo ya aina moja yakizidi matano, yajumlishe: "maduara 12". Hakuna mwenye subira ya kusomewa moja moja.

Kosa langu kubwa lilikuwa michoro inayotembea. Kazi ya draw hurudiwa mara 60 kwa sekunde, nami nilikuwa napeleka maneno kila mara. Simu ya yule kijana ikawa "du, du, du" kama mashua yenye injini mbovu, darasa zima likacheka, naye akacheka kuliko wote. Dawa: ifute orodha kila draw inapoanza, na upeleke maneno pale tu yanapobadilika, tena si zaidi ya mara moja kila sekunde 2.

Wanaoona nao wana haki zao. Mwanga wa maandishi na wa mandhari utofautiane kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Barazani, jua la saa sita litakuonyesha haraka kama umedanganya. Na chochote kisimemeteke zaidi ya mara 3 kwa sekunde, kwani mwenye kifafa anaweza kuanguka.

Intaneti hatuitumii. Faili ziko kwenye laptopu, naendesha python3 -m http.server 8000, na simu zinaingia kwa ruta isiyo na bando. Nilihangaika siku mbili na service worker, msimbo wa kivinjari unaoweza kuhifadhi ukurasa, ili ukurasa ukae simuni, kumbe haikubali ila kwa https au localhost. Achana nayo. Jambo la kuangalia ni anwani ya laptopu: ifunge kwenye ruta isibadilike. Siku moja ilibadilika, na kwa kivinjari anwani mpya ni tovuti nyingine, basi kila mtoto akakuta sanduku tupu. Nilirudisha anwani ya zamani, kazi zikarudi.

Yule kijana sasa hukaguliwa kazi mwisho, kwa sababu wenziwe humpa simu zao kwanza. Juzi aliisikiliza kofia ya binti mmoja, akamrudishia: "Umeshona kumi na moja."